Mstari wa Ishirini na Tano

Saa kumi na moja na nusu hapa Tudor,
kwao Kerala taa za uwanja zishawashwa.
Nafunga mlango, nawasha feni, nafungua jedwali:
wachezaji ishirini na wanne, kila mmoja na mstari wake,
na mimi, Mwanakheri, nalipwa kwa mechi
kuhesabu miguu ya watu nisiowajua.

Pillai, beki wa kulia: pasi hamsini na mbili,
zilizofika arubaini na nne.
Lalthanga: kilomita kumi na nukta tatu,
kachezewa rafu mara nne, hakulalamika.
(Ya kutolalamika haina safu. Naiweka moyoni.)
Kipa wao, Anto, hajafungwa dakika mia tatu na saba,
rekodi ya klabu tangu iundwe;
ni mimi niliyeiona kwanza, usiku,
nikitafuna mahamri yaliyolala,
kabla kocha wake hajajua, kabla ya mamake.

Nyuma ya ukuta kakangu Nassoro anakohoa.
Ametoka zamu bandarini, kuhesabu makontena.
Goti lake la kushoto hulia akipanda ngazi,
ka, ka, kama bawaba ya mlango wa stoo.

Magoli yake yalikuwa mangapi?
Baba, Mungu amrehemu, alisema sitini na moja.
Mama asema yeye hakuhesabu magoli, alihesabu jezi:
"Akifunga huja na tope la kifuani,
asipofunga, tope la matakoni."
Mwalimu Kitsao, katibu wa timu, alikuwa na daftari.
Daftari lilikwenda na mvua
mwaka ule paa la klabu liling'oka,
au lilifungiwa bajia. Riwaya ni mbili.

Na ile fainali ya Tononoka?
Nilikuwa juu ya ukuta na kachiri za muhogo mkononi.
Pasi ilitoka kwa Chengo au kwa Kidoto?
Chengo yuko Doha, hapokei simu.
Kidoto yuko Kikowani, chini ya udongo.
Mpira uliingia, hilo nashuhudia,
lakini shahidi mmoja, tena dada, hatoshi.

Juzi mechi ilikwisha sare.
Nikajaza yote, nikahakiki,
kisha kidole kikateremka chenyewe
hadi mstari wa ishirini na tano.
Nassoro Mwinyi. Winga wa kushoto.
Mechi: sijui.
Dakika: sijui, lakini jua lilikuwa kali.
Magoli: 61. Nikafuta. 58. Nikarudisha 61,
kwani marehemu habishiwi.
Pasi za mabao: hakuna aliyeandika.
Majeraha: moja.
Sababu ya kuondoka: shimo, karibu na bendera ya kona,
ambalo hata leo halijafukiwa.

Jedwali likajumlisha bila kuuliza.
Klabu ya watu wa mbali, iliyohangaika msimu mzima
kutafuta bao moja la ugenini,
ikapata sitini na moja kwa kupepesa jicho.

Nilikusudia kufuta. Stima ikapotea.
Iliporudi, hesabu zilikuwa zimeshakwenda zao.

Asubuhi, ujumbe wa Bwana Varghese, mpole kama desturi yake:
"Mwanakheri, jumla hazilingani.
Tuna magoli mengi kuliko ligi yote.
Huyu wa mwisho ni nani? Hayumo kikosini.
Ila kama yuko huru, tuambie;
upande wa kushoto tuna pengo."

Nikamsomea Nassoro, yuko kizingitini anavaa buti za kazi.
Alicheka hadi akashika goti.
Akafunga kamba ya mguu mmoja, akanyamaza,
akafunga ya pili, akasimama, ka,
na akiwa keshafika mlangoni akageuka:

"Waandikie sitini na mbili.
Lile la Likoni refa alilikataa,
lakini liliingia."